Sura ya Sita: Filemoni wa Donholm

Katika nyaraka za Mtume Paulo zilizotufikia hakuna ulio mfupi kuliko ule aliomwandikia Filemoni, mtu mwenye mali wa mji wa Kolosai, wenye aya 25 tu, ambao msomaji wa zamu aweza kuusoma wote kanisani kabla watoto hawajaanza kuhangaika katika mabenchi. Na hata hivyo ni nadra kuusikia ukihubiriwa, labda kwa kuwa hauna unabii wa kutisha wala fundisho zito la kushindaniwa na wanachuoni. Ni barua ya mtu aliye kifungoni. Ajabu yake ni kwamba haja yake mwenyewe mfungwa huyo anaigusa mwishoni tu, kwa maneno machache, anapoomba awekewe chumba cha kufikia. Sehemu kubwa ya barua anamwombea mtu mwingine, Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake kwa ubaya, akakutana na Paulo gerezani, akaamini, na sasa anarudishwa nyumbani mikono mitupu, huku Paulo akimsihi Filemoni ampokee kama ndugu, na ikiwa kuna deni lolote, deni hilo liandikwe katika hesabu yake yeye Paulo.

Vitabu vya ushuhuda vinavyouzwa nje ya makanisa yetu siku za Jumapili huishia, takriban vyote, pale mfungwa anapopiga magoti na kulia. Sina ugomvi na machozi hayo, na baadhi yake nimeyashuhudia. Lakini nimekuja kuamini kwamba tumaini analolipata mtu gerezani kwa imani ya Kikristo lina nusu mbili, na kwamba nusu ya pili haimo mikononi mwake wala mwa kasisi wake, bali imo katika nyumba ile ambako barua ya Paulo ilikuwa inapelekwa. Kwa hiyo katika sura hii nitaingia gerezani, maana ni lazima, lakini muradi wangu ni Kolosai. Na Kolosai yangu ni Donholm.

Nimeichagua Donholm kwa sababu si mtaa wa majambazi wala si mtaa wa matajiri. Ardhi yake ilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti James Kerr Watson, aliyelipa jina la mahali pa kwao huko Uskoti, na barabara ile itokayo mjini kuja upande huo, ambayo leo twaiita Jogoo, wazee wa Nairobi waliijua kwa jina la shamba hilo hilo. Ng'ombe walipoondoka zikaja nyumba, awamu baada ya awamu, zenye malango ya chuma, mabawabu na kamati za wakazi, zikakaliwa na makarani, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa kadiri, watu ambao fahari yao ni karo iliyolipwa kwa wakati na jina ambalo halijapata kutajwa kituo cha polisi. Katika mtaa wa namna hii kifungo cha mtoto hakitangazwi. Huambiwa majirani kwamba kijana amekwenda shamba, au amepata kazi Mombasa, na majirani, kwa adabu, huitikia na kunyamaza, ijapokuwa wote wamekwisha kujua.

Na jela yenyewe haiko mbali. Mahakama ya Makadara iko upande huo huo wa Barabara ya Jogoo, na gereza la rumande la Nairobi liko Eneo la Viwanda, hata kijana wa Donholm aweza kukamatwa, kushtakiwa na kuwekwa mahabusu miaka mingi bila ya kwenda mbali na mtaa aliokulia. Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha 49, imempa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pana sababu ya kulazimisha azuiwe. Walakini dhamana hutaka fedha taslimu au hati ya ardhi, na asiye na hiki wala kile hukaa ndani akisubiri kesi inayotajwa na kuahirishwa, ikatajwa tena na kuahirishwa tena. Mfungwa aliyekwisha hukumiwa ana tarehe. Anajua kwamba sheria itampunguzia theluthi moja ya kifungo chake akiwa na mwenendo mzuri, atahesabu miezi, atakwenda karakana au shambani, na jioni mwili wake utakuwa na uchovu wa halali. Mahabusu hana tarehe ya kuhesabia, wala kazi ya kumchosha, na wala hajui kama atatoka huru au atavishwa sare. Wote niliozungumza nao waliopitia hali zote mbili wameniambia kwamba rumande iliwachosha moyo kuliko kifungo.

Hapo ndipo kanisa la ndani linapopata watu wake. Niliketi Jumapili moja katika ibada ya mahabusu, katika ukumbi uliojaa hata waliochelewa wakasimama kuuzunguka ukuta, na jambo lililonishangaza halikuwa ukubwa wa sauti zao, ingawa zilikuwa kubwa, bali mpangilio wa mambo yao. Palikuwa na mzee wa kanisa, palikuwa na katibu, palikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeongoza kwa gazeti lililokunjwa, na ambaye alinieleza, kwa masikitiko ya msanii yeyote, kwamba sauti yake ya tatu imedhoofika kwa kuwa waimbaji wawili wamepewa dhamana wiki ile. Kisha akajishtukia, akacheka, akasema Mungu asifiwe. Kando yake alikaa kijana mwenye Biblia isiyokuwa na kitabu cha Ufunuo, maana karatasi zile nyembamba hupendwa na wasokota tumbaku. Na katibu alikuwa na daftari la shule lenye kurasa za mistari, alilolichora safu kwa rula: jina la mtu, mahakama yake, ama Makadara ama Milimani ama Kibera, na siku kesi yake itakapotajwa. Hilo ndilo lilikuwa daftari la maombi. Kila Jumapili yalisomwa majina ya wanaokwenda kortini wiki inayofuata, wakasimama, wakaombewa. Na kila jioni katibu aliwauliza waliorudi, akaandika mbele ya majina yao matokeo, na neno lililojaa safu ile kutoka juu hadi chini lilikuwa moja: imeahirishwa.

Nimelifikiria daftari lile mara nyingi. Wengi wa watu wale walikwisha kuyasikia mahubiri utotoni, katika shule za Jumapili za Buruburu, Umoja na Kayole, na habari njema haikuwa habari ngeni kwao. Walichokipata ndani ni mtu wa kuwauliza jioni kesi imekwendaje. Mtu ambaye wakili wake hakufika, ambaye jamaa zake hawakupewa habari, na ambaye karani wa mahakama alilisoma jina lake vibaya, alirudi mahali ambapo palikuwa na mwenzake anayemngoja kwa kalamu. Tena aligawiwa wadhifa: ajifunze sauti ya nne, amfundishe mwenzake kusoma, aandikishe watu masomo ya Biblia yanayoletwa kwa posta, kama yale ya Sauti ya Unabii ya Waadventista, ambayo kwa miaka mingi yamewapa wafungwa wa Afrika Mashariki cheti cha kwanza katika maisha yao. Mtu anayehitajiwa kesho hapati nafasi ya kujinyonga leo. Sitoi hoja hii ili kuipunguza imani iwe ratiba ya shughuli. Waumini wenyewe wangesema kwamba neema huja kwa njia ya watu, nami sina la kuongeza juu ya kauli yao.

Hata hivyo, sitaki msomaji anidhanie kuwa mwepesi wa kusadiki. Wapo wanaookoka ili wapewe unyapara, au ili kasisi awaandikie barua nzuri, na wenzao huwajua kabla ya kasisi kuwajua. Na liko shaka lililo zito zaidi, linalotokana na historia yetu wenyewe. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, maelfu ya watu wa Mlima Kenya waliwekwa katika kambi za kizuizini, na kuungama kiapo cha Mau Mau ndiko kulikomsogeza mtu kutoka kambi moja hadi nyingine kuelekea kwao. Makasisi na wahubiri wakaingizwa katika kazi hiyo, na katika kambi ya Athi River wafuasi wa Moral Re-Armament, harakati ya kidini kutoka ng'ambo, wakapewa nafasi ya kuwabadili watu mioyo huku waya wenye miiba umewazunguka. Toba ikawa hati ya kusafiria. Miaka ishirini baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa Kamiti bila ya kushtakiwa tangu tarehe 31 Disemba 1977 hadi tarehe 12 Disemba 1978, na ambaye humo ndani aliandika riwaya nzima kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni, alitembelewa na kasisi wa gereza aliyemletea vitabu vya dini na nasaha za kutubu. Naye, kama alivyosimulia katika kitabu chake cha 1981, akamwona mgeni huyo kuwa mjumbe wa waliomfunga, akamkataa.

Kwa maoni yangu alikuwa na haki. Mwenye funguo anapomhubiria aliyefungiwa, hasa aliyefungiwa bila ya hatia, mahubiri yake yana harufu ya amri hata kama moyo wake ni safi, na Paulo mwenyewe hakupata kuhubiriwa na askari wake; yeye ndiye aliyewahubiria. Kwa sababu hiyo mimi nayapima makanisa ya magereza kwa swali moja: je, ni nani asimamaye mbele? Pale anaposimama mahabusu mwenye daftari, nasikiliza.

Na tumaini la namna hiyo halitulii katika kwaya peke yake. Fikiri hali ya waliohukumiwa kifo nchini Kenya. Sheria iliwalazimisha mahakimu na majaji kuamuru kunyongwa kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia au ya wizi wa kimabavu, lakini tangu 1987, waliponyongwa Kamiti Hezekiah Ochuka na wenziwe kwa ajili ya jaribio la mapinduzi la 1982, kitanzi hakikutumika tena. Ikawa watu wanazeeka chini ya hukumu isiyotekelezwa wala kufutwa. Tarehe 3 Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aligeuza hukumu za zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha, mnamo Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747, na tarehe 14 Disemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, ikatamka kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila ya kusikiliza utetezi wa mkosaji ni kinyume cha Katiba.

Uganda walitutangulia, na aliyewatangulia wenzake huko alikuwa mwanamke wa kwaya. Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mume aliyeishi naye, shtaka ambalo hakulikubali kamwe, akapelekwa gereza la wanawake la Luzira, Kampala. Humo akaimba, akaongoza wenzake katika kuimba, akaanza kufundisha, kisha akasoma sheria kwa njia ya posta kutoka Chuo Kikuu cha London. Na jina lake ndilo lililotangulia katika shauri la Kigula na wenzake 417, ambalo Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi mwaka 2005 na Mahakama ya Juu ikauthibitisha tarehe 21 Januari 2009, hata hukumu ya kifo ya lazima ikaanguka Uganda nzima. Yeye mwenyewe aliachiliwa Januari 2016. Wako wanaopenda kuisimulia habari hii kana kwamba ni ya sheria tupu, na wako wanaopenda kuisimulia kana kwamba malaika ndiye aliyefungua lango. Kwangu mimi inatosha kuona kwamba mwanamke aliyekuwa akingoja kitanzi alishughulikia kesi za wenzake mamia, na kwamba mazoea hayo ya kuwabeba wengine aliyaanza kwaya ikiwa ndiyo kazi yake ya pekee.

Lipo tumaini jingine ambalo halihitaji mahakama wala mlango wa nje, na ningekuwa mdanganyifu kama ningelipita kimya kwa kuwa linaivuruga hoja yangu. Tarehe 10 Februari 1973, kwa amri ya serikali ya Idi Amin, watu watatu walipigwa risasi katika kiwanja cha Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mbele ya maelfu waliokusanywa watazame. Askofu Festo Kivengere aliomba ruhusa azungumze nao kabla ya kuuawa, na amesimulia kwamba aliwaendea akiwa hajui la kusema, akawakuta nyuso zao zinang'aa. Wakamwambia kwamba walikwisha kumpokea Kristo katika seli zao, wakatuma salamu kwa wake zao na watoto wao, na kikosi kilipojipanga walikuwa wameinua mikono yao yenye pingu. Watu hao hawakuhitaji Filemoni yeyote. Safari yao haikuwa ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana nasema kwamba imani humtosha mtu anayekwenda kufa, na kwamba aliye na shida kubwa zaidi, kwa namna fulani, ni yule anayekwenda kuishi, na kuishi Nairobi.

Kwa huyo lazima pawepo watu nje. Kenya tumelishuhudia hilo, tena katikati ya jiji. Tarehe 28 Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa, wengi wao wanawake wa mashamba waliotoka vijijini kwa matatu, waliketi katika bustani ya Uhuru pamoja na Wangari Maathai, wakaanza kufunga kula wakidai wana wao 52 waachiliwe; miongoni mwao alikuwa Monica Wangu, mama yake Koigi wa Wamwere. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na moshi wa kutoza machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya vijana wale wenye silaha, laana ambayo kwa mila za kwao hakuna mwana anayeitaka. Walipofukuzwa bustanini walivuka hadi kanisa kuu la Kianglikana la All Saints, wakapewa chumba kilicho chini ya kanisa, na humo wakalala, wakapika, wakaimba na kuomba hata mwaka ukakaribia kwisha. Mapema 1993 wana wao wakaachiliwa, isipokuwa mmoja tu. Waliokuwa ndani walijua kwamba mama zao wako chini ya kanisa, nami siwezi kuitenganisha imani ya mfungwa wa siku zile na godoro la mama yake lililotandikwa juu ya sakafu ya saruji mjini.

Magereza yenyewe yamebadilika kwa kiasi tangu siku hizo. Mwaka 2003 Makamu wa Rais Moody Awori, aliyekuwa pia waziri wa mambo ya ndani, aliyafungua malango kwa wageni, waandishi wa habari na makanisa, wafungwa wakapata magodoro na sare za staha. Padri Peter Meienberg, Mbenediktino kutoka Uswisi, aliwahudumia wafungwa wa Nairobi, hasa wanawake wa Lang'ata, na shirika lake la Faraja likajishughulisha na mambo ambayo sala haiyaondoi, kama vile dhamana, matibabu na elimu. Na shirika la Prison Fellowship, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976 na Charles Colson, mshauri wa Rais Nixon aliyefungwa kwa ajili ya kashfa za Watergate, lina tawi lake Kenya. Kwaya za Eastlands nazo huja, zikiwa na sabuni, karatasi za chooni, dawa za meno na vipaza sauti vyao, mara nyingi mwezi wa Disemba. Naziheshimu. Lakini kumtembelea mtu mahali ambapo askari anamlinda ni rahisi kuliko kumkaribisha mahali ambapo hakuna anayemlinda, na hili laonekana wazi katika mtaa wetu.

Namjua mtu mmoja wa Donholm, ambaye jina lake nalihifadhi, aliyefungwa miaka 7 kwa wizi wa vitu vya mwajiri wake, akatumikia miaka 4 na miezi 8 baada ya kupunguziwa theluthi yake. Aliokoka akiwa rumande, akabatizwa katika pipa la plastiki lililokatwa juu, akajifunza useremala, akafanya mtihani wa serikali, akatoka na cheti cha Gredi ya Tatu, vyeti viwili vya masomo ya Biblia, na suruali aliyoingia nayo ambayo ilikuwa imemlegea kiunoni. Dada yake alimpokea katika nyumba yake ya korti, kama wakazi wa Donholm wanavyoyaita makundi ya nyumba zilizo ndani ya lango moja. Kabla ya juma kwisha mwenyekiti wa kamati alikuja, kwa upole mwingi, akataka kujua mgeni atakaa muda gani.

Aliomba kazi ya ubawabu mahali pawili, akatakiwa alete cheti cha maadili mema cha polisi, karatasi ambayo mtu wa hali yake hawezi kuiomba bila ya hukumu yake kuandikwa humo. Akaenda kwa wazee wa kanisa moja la mtaa, kanisa ambalo kwaya yake ilikuwa imeimba gerezani mbele ya macho yake, akawaonyesha cheti cha useremala, akaomba angalau apewe mabenchi ya ukumbi ayatengeneze. Walimkaribisha, wakampa soda. Mzee mmoja akamwambia, "Ndugu yetu, tumefurahi sana kukuona, na jambo lako tutaliombea." Alingoja wamwite. Aliponisimulia hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba ndani walipoliombea jambo walikuwa wakiliandikia tarehe.

Aliyemwinua alikuwa mjane mmoja wa korti ile ile, muumini wa kanisa jingine, mwenye vyumba vichache vya kupangisha, na mwenye ulimi mkali ambao wapangaji wake wanaufahamu. Alimwita atengeneze milango ya kabati za jikoni iliyokuwa imetoka bawabani. Saa nne asubuhi akachukua kikapu chake akamwambia, "Fundi, mimi naenda soko. Ukimaliza funga, ufunguo umpe bawabu." Akaondoka. Mtu yule alisimama peke yake katika nyumba ya watu, juu ya meza pana simu ya mjane inachajiwa, na tangu siku aliyokamatwa hakuwa amepata kuachwa chumbani na kitu cha mtu. Aliniambia mikono ilimtetemeka hata akashindwa kuingiza skrubu ya kwanza, ikambidi aketi sakafuni kwanza.

Wiki iliyofuata alipata kazi ya kitanda, akakosa fedha ya mbao. Mjane akaenda naye hadi hardwea, akamwambia mwenye duka, mbele ya wateja, "Mpe anachotaka, na akishindwa kulipa, andika kwa jina langu." Sijui kama mama huyo amepata kuusoma waraka kwa Filemoni, maana kama nilivyosema hauhubiriwi sana. Deni la mbao lilimalizwa kwa awamu tatu. Leo fundi huyo anauza vitanda na meza kandokando ya Outer Ring, ana kijana anayemfundisha kazi, na Jumapili anasali Umoja, mbali kidogo na wale waliomwombea.

Simlaumu mzee yule wa kanisa kupita kiasi. Kamati ina wajibu wa kuogopa, nyumba zimeibiwa kweli, na si kila atokaye jela na Biblia mkononi atakuwa kama fundi wangu. Wengine watarudi ndani, na aliyewadhamini atalipa. Paulo alilijua hilo, ndiyo maana hakumwandikia Filemoni kwamba hapatakuwa na hasara, bali alisema hasara ikipatikana atailipa yeye, akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa kulipa hasara ndiye anayekosekana katika huduma zetu za magereza. Tuna waimbaji wa kutosha.

Basi, msomaji wangu wa Donholm, Savannah, Buruburu au Umoja, ikiwa kanisa lako huenda gerezani kila mwaka, uliza katika mkutano ujao wa halmashauri ni watu wangapi mliowaimbia wamekwisha kutoka, na wako wapi sasa. Tengeni fungu dogo la fedha, kando ya fedha za sabuni, kwa ajili ya vifaa vya kazi vya mtu mmoja na kodi yake ya miezi ya kwanza. Mteueni muumini mmoja atakayeweka sahihi yake kwa mwenye nyumba na kwa mwenye duka. Na iandikeni tarehe ambayo mtu huyo atatoka, ili siku hiyo asubuhi awepo mtu langoni mwenye nauli ya watu wawili.